Chai ya Mchaichai na Samaki wa Bi Muhaza

Asila mwanangu,

Salamu hizi zinatoka chumba cha pili tu. Nakusikia kupitia ukutani ukifungua kabati, ukilifunga, ukiimba wimbo wako ule usio na mwisho. Alasiri imeshaswaliwa. Baba yako kaenda kutia petroli kwa ajili ya safari ya kesho. Mimi nimejifungia chumbani na karatasi, kama mwanafunzi aliyeambiwa akae peke yake aandike kosa lake. Mji mzima wa Ibra umetulia kwa joto.

Sitakuandikia habari za kupiga pasi abaya zako wala kulala mapema. Nizwa si mbali, na huko bwenini chuoni watakuwako wengi wa kukwambia hayo. Nina jambo moja tu. Ningekwambia kwa mdomo kama mdomo wangu ungekuwa na ushujaa. Naliandika kwa Kiswahili, ingawa najua Kiarabu unakisoma upesi zaidi, kwa sababu karibu maneno yote ya jambo hili yalisemwa kwa Kiswahili, na sitaki yabadilike njiani. Neno likikushinda, liulize.

Jumatano ulirudi kutoka dukani ukaniita jikoni. "Mama, tazama!" Ukatoa kwenye mfuko wa duka jagi la kutengenezea chai baridi, lile lenye bomba la wavu katikati la kutilia majani. Nilikuwa nakata vitunguu. Kisu kikasimama. Nyumba hii haikuingia jagi la namna ile kwa miaka minane, na wewe hukupata kuniuliza kwa nini.

Ukasema, "Nalipeleka bwenini. Nifundishe ile chai yako ya mchaichai, ile ya posa ya Warda. Wallahi mpaka leo naukumbuka utamu wake."

Nikakujibu kwamba mchaichai wa uani siku hizi hauna majani mazuri. Ukacheka. Ukawa unabandua karatasi ya bei kwa ukucha, na huku unasema, "Angalau chai haiui mtu, Mama. Si kama samaki wa Bi Muhaza."

Ulisema kwa mzaha, wala hukuninyanyulia macho. Mimi nikaenda bafuni nikafungulia maji, ili usinisikie.

Sasa nakurudisha nyuma, kwa sababu ulikuwa na miaka kumi na moja tu na mengi hukuyaona.

Posa ya dada yako Warda ilikuwa ya watu wa Samail, watu ambao hawajapata kuondoka kwao tangu mababu wa mababu zao. Na sisi, ambao wazee wetu walitoka Zanzibar, unajua tunavyoitwa. Mimi nimezaliwa hapahapa Oman, nimesoma hapa, nafanya kazi serikalini, lakini nikifungua mdomo mtu husema, "Aa, nyinyi Wazinjibari." Husema kwa kucheka, bila ubaya, lakini husema. Nikajiapiza kwamba siku hiyo hakuna atakayeona kasoro nyumbani kwangu. Mapazia nikayafua. Vikombe vya kahawa nikanunua vipya. Chakula nikampa Bi Muhaza, na nani mwingine? Yule mama alikuwa akipika wali wa nazi na samaki wa kupaka mpaka watu wa pwani ya Sur wenyewe wanaotuletea samaki wanamtumia magari kuja kuchukua chakula. Harusi ya watu wetu bila mkono wake ilikuwa haijatimia, toka Ibra hii mpaka mji wa Mudhaibi.

Kinywaji nikasema nitakifanya mwenyewe. Sharubati kila mtu anayo. Mimi nilikuwa na jagi langu jipya, nimelitumia kama mwezi hivi, na nilikuwa nalijivunia kama mtu aliyenunua gari. Nilikuwa nimemwona mwanamke mmoja kwenye simu akiivisha chai kwa jua, bila moto. Anatia majani, anatia maji, analiweka jagi juani, basi. Nikasema, jua tunalo. Nikakata mchaichai wa uani, nikausuuza haraka haraka, nikautia kwenye bomba pamoja na majani ya chai na maganda ya ndimu, nikaliweka jagi dirishani. Maji yakakaa siku nzima yana uvuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Jioni nikayamimina kwenye deli, lile birika kubwa, nikajaza jagi tena, nikaliacha palepale mpaka kesho yake. Nikafanya hivyo siku mbili. Asubuhi ya posa nikatia sukari na barafu.

Wageni walikuja baada ya adhuhuri. Samaki wa Bi Muhaza walikuwa kwenye sufuria moja kubwa, na mimi mwenyewe niliwagawa kwa upawa. Masinia mawili yakaenda majlis kwa wanaume, mawili yakabaki ndani kwa wanawake. Wanaume walikunywa laban, yale maziwa ya mtindi, na kahawa. Chai yangu haikwenda huko, niliiweka kwa wageni wa ndani. Mama mkwe wa Warda aliinyanyua gilasi akaitazama kwenye mwanga, akaniuliza kwa Kiarabu nimeitengeneza vipi. Nilijisikia nimerefuka. Wewe ulikunywa gilasi nne. Nilikuhesabia huku nacheka. Mimi sikuonja hata tone, mwenye shughuli hana wakati wa kuonja.

Kabla ya magharibi ulianza kutapika.

Sikusimulii yote, mengine unayakumbuka mwenyewe. Ulikuwa mwepesi mikononi mwangu kama nguo iliyokauka. Hospitali walikutundikia maji, na sindano ya kwanza ilikataa kuingia kwa sababu mishipa ilikuwa imejificha. Simu yangu ikawa inalia. Samail wamelazwa wawili. Shangazi yake baba yako kalazwa. Jirani anatapika. Daktari, kijana mpole, akaniuliza, "Amekula nini leo?"

Nikasema, "Samaki."

Asila, neno lile lilitoka kabla sijafikiri. Sikukusudia kumdhulumu mtu. Ilikuwa majira ya joto, samaki alitoka Sur asubuhi ile, kila mtu angesema vile. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika. Ilipofika saa ya isha, kundi la simu la wanawake wetu lilikuwa limejaa: samaki wa Bi Muhaza, samaki wa Bi Muhaza. Sikujua nani aliyeandika wa kwanza. Lakini najua nani aliyesema wa kwanza.

Siku ya tatu ulirudi nyumbani, ukalala. Mimi nikaanza kuosha vyombo vya shughuli, vilivyokuwa vimekaa vile vile. Nilipolishika jagi nikatoa lile bomba la wavu, nikalikung'uta kama kawaida yangu. Likaniponyoka, likaanguka sakafuni, na kitako chake kikafunguka.

Sikujua kama kitako kinafunguka. Mwezi mzima nilikuwa nasuuza kwa juu tu. Mle ndani mlikuwa na utelezi mzito, rangi ya kijivu, umeshikana na majani ya wiki na wiki. Harufu yake nikilala naisikia. Nilisimama pale, na akili yangu ikaanza kuhesabu bila kuambiwa. Wanaume kumi na wawili walikula samaki yule yule, hakuna aliyeumwa. Shangazi yake baba yako hali samaki tangu azaliwe, siku ile alikula wali na achari, akanywa chai, na alikuwa bado yuko kitandani hospitali.

Nikakaa sakafuni. Nilifahamu kila kitu kwa mara moja. Mwanangu nilikuwa nimekunywesha mwenyewe, kwa mkono wangu, nikikuhesabia gilasi.

Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nashtuka kana kwamba nimelisikia kwa mtu mwingine. Nikalitia jagi kwenye mfuko mweusi, nikafunga fundo mara mbili, nikalipeleka mwenyewe kwenye pipa la taka la mtaa wa pili. Nikarudi, nikanawa mikono. Nikajiambia nitasema Warda akishaolewa. Watu wa Samail wakijua sasa kwamba ni uchafu wa jikoni kwangu, watasema nini? Posa itavunjika. Nitasema baadaye.

Siku ya tano Bi Muhaza alikuja.

Hukumwona, ulikuwa umelala. Alivaa abaya nyeusi bila nakshi, kama anayekwenda msibani. Hakutaka kukaa kwenye kochi, akakaa chini. Akasema, "Mwanangu Zuwena, nimekuja kukuomba radhi. Sijui nimekosea wapi. Samaki nilimnusa mwenyewe, nilimwosha mwenyewe. Lakini watoto wa watu wameumwa kwa mkono wangu. Nisamehe kwa ajili ya Mungu." Machozi yalikuwa yanamtiririka kimyakimya, hata hakuyafuta.

Na mimi, ambaye nilikuwa nimelitupa jagi siku mbili kabla, nilimshika mkono nikamwambia, "Nimekusamehe."

Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini. Nimekwenda dirishani, nimerudi. Mtu anaweza kufanya hivyo, Asila. Mtu anayeswali, anayefunga, anayepeleka chakula kwa wagonjwa. Sikuwahi kudhani kwamba ndani yangu mna mtu wa namna ile, na alitoka bila shida yoyote, akazungumza kwa sauti yangu ya upole.

Wewe ulipopata nguvu uliniuliza, "Mama, Bi Muhaza alitaka kutuua?" Nikakwambia hapana, ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya! Na Ramadhani iliyofuata, tulipokuwa msikitini baada ya tarawehe, Bi Muhaza alikuja na kisahani cha visheti. Akakunyooshea wewe kwanza. Ukaficha mikono nyuma ukasema kwa sauti, mbele ya wanawake wote, "Mimi sili chakula chako." Wengine wakacheka. Mimi nikasema, "Watoto hawa!" nikacheka pamoja nao. Bi Muhaza akakifunika kisahani kwa ncha ya mtandio wake.

Hajapeleka tena kitu msikitini. Na shughuli zikaisha, moja baada ya moja. Kwanza watu wa Mudhaibi waliacha kumwita, kisha wa hapa hapa. Nilisikia kwamba masufuria yake makubwa ameyagawa. Nikasema nitasema baada ya harusi. Harusi ikapita. Nikasema Warda azae kwanza, atulie kwao. Akazaa, akazaa tena. Watu husema njia ya mwongo fupi. Yangu ilikuwa ya miaka minane, tena ya lami, sikujikwaa hata pahala pamoja. Nilikuwa nampita Bi Muhaza sokoni, tunaulizana hali, naye ndiye aliyekuwa anainamisha macho.

Mpaka Jumatano, uliposema chai haiui mtu.

Alhamisi asubuhi nilichukua ruhusa kazini nikaenda kwake, pale karibu na falaj, mfereji wa maji ya mashamba. Nilimkuta barazani anakunja nguo.

"Shikamoo, Bi Muhaza."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Leo umenikumbuka?" Akataka kuinuka aniletee kahawa. Nikamwomba akae.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Yote yalikimbia. Nikasema, "Samaki wako hakuwa na kitu."

"Samaki gani?"

"Wa posa ya Warda. Hakuwa na kitu. Ni chai yangu. Jagi lilikuwa limeoza ndani."

Akaiweka nguo mapajani. Kisha akaniuliza swali ambalo nilimwomba Mungu asiniulize.

"Umejua lini?"

"Siku ya tatu."

"Ya tatu baada ya nini?"

"Baada ya posa, Bi Muhaza."

Nikaiona midomo yake ikihesabu. "Mimi nilikuja kwako siku ya tano," akasema.

"Ndiyo."

"Nikakaa chini."

"Ndiyo."

"Ukanishika mkono ukaniambia, Nimekusamehe, Bi Muhaza, binadamu hukosea."

Binadamu hukosea. Nilikuwa nimelisahau neno hilo, Asila. Naapa nilikuwa nimelisahau kabisa. Yeye alilibeba miaka yote ile, na mimi niliyelisema sikulibeba hata siku moja.

Akainuka polepole akaenda jikoni kwake, akaniita kwa kidole. Jiko lake lilikuwa safi kama halijapata kutumika. Juu ya meza palikuwa na mkate wa dukani na kuku wa kununua kwenye sanduku lake la karatasi. "Mjukuu wangu anakuja kesho," akasema. "Ana miaka sita. Kila Ijumaa huletwa. Hajapata kula kitu nilichokipika mimi. Hata uji. Mama yake huniambia, Mama, mpikie mtoto wali wa nazi, ule uliotulea sisi. Nikishika mwiko mkono unakufa. Najiambia, nikimuua je?"

Nilikuwa nadhani nimemnyima biashara. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Kumbe yule mama aliamini. Sikupata kufikiria hilo hata mara moja, kwamba ataamini. Kila swala kwa miaka minane anaomba toba kwa sumu ambayo hakuitia.

"Nenda sasa," akaniambia. "Sikufukuzi. Lakini sitaki kukutukana nyumbani kwangu."

"Utanisamehe, Bi Muhaza?"

"Usiniulize leo. Mimi nilikuja kukuomba, na sikuwa na kosa. Wewe una kosa. Ngoja kidogo."

Nilikuwa nimeshavaa viatu aliponiita tena. "Yule mwanao mdogo, Asila. Nasikia anakwenda Nizwa."

"Jumamosi."

"Yeye anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie yeye kwanza, kabla ya watu wa Samail, kabla ya mtu yeyote. Wakubwa walinisema, nikasema haya, ndio wakubwa. Lakini mtoto yule alinifichia mikono. Siku hiyo ndiyo niliyosema, Muhaza, usipike tena."

Ndiyo maana unasoma barua hii kabla hajasoma wala kusikia mtu mwingine. Isipokuwa mmoja, na hapo nilivunja agizo bila kukusudia. Baba yako aliporudi kazini alinikuta nimekaa kitandani na viatu bado viko miguuni. Akaniuliza nani kafa. Nikamwambia yote. Hakushtuka. Akavua kilemba chake, akakiweka juu ya meza, akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Majlis nzima tulikula samaki yule, hakuna aliyeumwa tumbo. Na jagi lako ulilokuwa ukilisifu usiku na mchana likatoweka. Nikafahamu. Nikangoja useme."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utanijibu," akasema.

Baba yako si mtu mbaya, unamjua. Hata Bi Muhaza akipita hapa humpa salamu mbili. Lakini miaka minane tumelala chumba kimoja, kila mmoja anamfichia mwenzake kitu kile kile. Sijui kama tumemaliza kushtuka. Mimi bado.

Sasa niseme nini cha kukufaa huko uendako? Nilikuwa na mashauri mengi niliyokusudia kukupa, nimeyaona yote hayana uzito yakitoka kwangu. Nikwambie tu nilichokiona. Uongo wangu haukuanza kuwa uongo. Ulianza kwa kukisia, na kukisia si dhambi. Kama ningemrudia yule daktari siku ya tatu, au kuandika mistari miwili kwenye lile kundi, lingekuwa jambo la kucheka sasa: Zuwena na jagi lake. Wangenisema mwezi mmoja. Posa ya Warda isingevunjika, leo naliona hilo wazi. Mkwe wake ni mwanamke mwenye akili, na jikoni kwake mwenyewe nimeona mambo. Nilichokiogopa hakikuwa na ukubwa wowote. Nilikilisha mwenyewe kikakua.

Na jingine. Kutupa jagi kulikuwa kubaya, lakini mlango wa kurudi ulikuwa bado wazi. Ulifungwa siku nilipokubali kuombwa radhi. Mtu akija kwako na kosa ambalo unajua si lake, huo ndio wakati wako wa mwisho ulio mwepesi. Baada ya hapo kila siku huwa nzito kuliko ya jana. Sikufundishwa hilo na mtu, wala sidhani linafundishika. Nakwambia kwa sababu ndilo pekee ninalolijua kwa hakika.

Jagi lako nimelifungua leo asubuhi ulipokuwa unaoga. Kitako cha bomba kinafunguka kwa kuzungusha kushoto. Kifungue kila ukimaliza, ulioshe bomba kwa maji ya moto na sabuni, ulikaushe. Mchaichai uchemshe kwanza, upoe, ndipo utie. Chai ikae ndani ya friji, si dirishani, na ikilala siku mbili imwage hata kama ni tamu. Nimekuwekea majani kwenye kitambaa, mazuri, nilikudanganya Jumatano. Huo ni uongo mwingine, mdogo, nao nautoa.

Kwenda kwa Bi Muhaza au kutokwenda ni shauri lako. Kesho tutapita njia ile. Sitamwambia baba yako apunguze mwendo, sitamwambia aongeze. Ulikuwa mtoto, na ulichokisema ulikisema kwa sababu mimi nilikuacha ukiamini. Aibu yake ni yangu. Kesho nikirudi kutoka Nizwa nitampigia Warda, kisha mama mkwe wake, na Jumapili nitaandika kwenye kundi la wanawake, kwa jina langu, bila kuzungusha maneno. Baba yako anasema tuandike pamoja. Nimemwambia aandike yake.

Unaweza kunikasirikia, Asila. Unaweza kuwa na mama wa namna nyingine kichwani kuanzia leo. Hilo nimelifikiria tangu juzi na limenitia baridi kuliko yote, kwa sababu nilitaka ukiwa huko peke yako unikumbuke kama ulivyokuwa ukinikumbuka mpaka leo asubuhi. Lakini yule mama uliyekuwa naye leo asubuhi alikuwa anamtia mtu mwingine kaburini ili yeye aonekane mzima.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mpango. Nitaikunja barua hii, nitaitia chini ya nguo zako sandukuni, uikute Nizwa, mimi nikiwa mbali nisiuone uso wako. Nimefika kwenye mstari huu ndipo nimeufahamu mpango ule ni kitu gani. Nimeshtuka tena, kwa mara ya mwisho leo nadhani. Miaka minane, na bado nilikuwa natafuta mfuko mweusi wa kukutilia ukweli.

Basi hapana. Umeacha kuimba sasa, nadhani umemaliza kupanga. Naja kugonga mlango wako, nikupe karatasi hizi mkononi, na nitakaa palepale kwenye kitanda chako mpaka uzimalize. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie. Ukitaka nitoke, nitatoka nikae nje ya mlango. Siendi mbali.

Naja.

Mama yako,
Zuwena